Bwana Misitu na Kitalu cha Saba

Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake aliniambia nivue viatu. Tulikuwa tumesimama ukingoni mwa msitu wa mikaratusi, mwezi wa saba, jua la saa tano, nami nilikuwa nimevaa viatu vyeusi vya ofisini ambavyo mama alinitumia kutoka Bukoba aliposikia nimepata kazi Kigali.

"Vua tu, dada," alisema. "Hakuna nyoka. Na kama iko, itakimbia."

Nikavua. Akaniambia nitembee hatua kumi, kisha nirudi. Majani makavu na magome yaliyobambuka yalivunjika chini ya nyayo zangu kwa kelele hata nikaona haya, kana kwamba nimeangusha sahani kwenye nyumba ya watu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Sasa weye utaandika nini kwenye kompyuta yako?"

Nikasema nitaandika kwamba ni makavu.

"Makavu kiasi gani?" akauliza, na aliponiona nimekwama akacheka, akanishika mkono ili nivae viatu bila kuanguka.

Sote ofisini tulimwita Bwana Misitu. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi za mshahara, lakini hata mkuu wetu wa kitengo, aliyependa vyeo na majina kamili, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa afisa wa misitu ya vilima vinavyolizunguka jiji, na alikuwa amevipanda na kuvishuka kwa miguu miaka mingi kabla mimi sijafika. Alikulia Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kinywani mwake tangu utotoni, ila hakikuwa Kiswahili changu. Changu alikiita cha redio. Nikisema "majani hayo yamekauka", yeye alirudia polepole kama mtangazaji wa taarifa ya habari, kisha akasema kwa namna yake: "Majani iko kavu. Bon. Tumeelewana?" Akizungumza na wazee aliingiza Kifaransa, akizungumza na wenye mashamba alitumia Kinyarwanda, na akikasirika alinyamaza.

Mimi niliajiriwa kwa ajili ya mfumo. Ulikuwa programu ya kompyuta iliyotengenezwa mbali, ikaletwa kwetu tuone kama itafaa kwenye vilima vyetu. Unaupa siku zilizopita bila mvua, joto, upepo, ukali wa mteremko, aina ya miti, na zaidi ya yote uzito wa vitu vikavu vilivyolala chini: majani, magome, vijiti, matawi yaliyoachwa na wakata miti. Sisi tuliviita kuni za chini. Mfumo unachora ramani, kila kitalu cha msitu na rangi yake, kijani, manjano au nyekundu, kadiri moto unavyoweza kukipata na madhara yatakayofuata. Halafu kuna sehemu ya pili, ile iliyoufanya uitwe mfumo wa kusaidia maamuzi. Unauambia una watu wangapi wa kusafisha na kwa siku ngapi, nao unakuambia uwapeleke wapi. Mtaalamu aliyeuleta alitufundisha siku nne kwenye ukumbi wa hoteli, akarudi kwao, na tangu hapo tukawa tunamwona kwenye kioo cha kompyuta tu.

"Kusaidia maamuzi," Bwana Misitu alisema siku hiyo ya mwisho ya mafunzo, akiinua mkono kama mwanafunzi. "Na nani anaamua?"

Watu walicheka. Mtaalamu naye alicheka alipotafsiriwa, akasema hilo ni swali zuri sana, akaendelea na picha iliyofuata.

Uzito wa kuni za chini haujulikani kwa kukaa ofisini. Mtu lazima aende. Bwana Misitu alikuwa na mianzi minne aliyoifunga kamba ikawa mraba, mita moja kila upande. Aliutupa chini msituni, akapiga magoti, akazoa kila kilichokuwa ndani yake kwa mikono, akatia kwenye gunia, akapima kwa mizani ya kuning'iniza aliyoinunua soko la Kimironko, ile ya wauza nyama. Alikuwa na fimbo pia, ya kuchoma chini kuona majani yamelala unene gani, na alama zake zilikuwa za rangi nyekundu ya kucha, ya mkewe. Aliandika kwenye daftari la shule. Jumatatu asubuhi alikuja mezani kwangu na vipande vya magome bado vimeshika kwenye nywele, akanisomea namba moja moja, na hakuniruhusu kulishika daftari lenyewe. Nilidhani ananidharau. Baadaye nikajua aliona aibu kwa mwandiko wake.

Mwanzoni aliuchukia mfumo. Alisema hauna magoti. Lakini kila Jumatatu, nikishaingiza namba zake, alibaki amesimama nyuma ya kiti changu akingoja ramani ijichore upya, na kitalu kikibadilika rangi alinigusa bega. "Ona, imesikia." Kadiri miezi ilivyopita akaanza kuja hata siku asizokuwa na namba. "Hebu iulize. Kama mvua haiji wiki mbili nyingine?" Nauliza. "Iulize tena. Kama upepo unatoka bondeni?" Nauliza tena. Watu wa umri wake pale ofisini waliiogopa kompyuta au waliicheka. Yeye aliizoea kama mtu anavyomzoea mwenzake wa kazi mwenye maringo.

Isidhaniwe alikuwa mtakatifu wa namba. Siku moja alinisomea vipimo vya Kitalu cha Tisa, vizuri sana, vyote vimefuatana bila kupishana mno. Baada ya mwezi mzima alikuja na kusimama mbele ya meza yangu.

"Dada, ile ya Tisa uifute."

"Kwa nini, mzee?"

"Sikuenda. Goti liliuma. Nilikaa kwa mama mmoja nikanywa chai, nikaandika tu."

Nilimwambia hakuna aliyejua na kwamba namba zilionekana sawa. Akasema hilo ndilo lililomsumbua. Nikafuta. Kitalu cha Tisa kikabaki na rangi ya kijivu kwenye ramani, maana yake hatujui, mpaka goti lilipopona akaenda.

Alipenda pia kujifanya. Wageni walipoletwa msituni alinyanyua pua hewani, akafumba macho, akasema upepo utageuka saa nane. Ukageuka saa nane na dakika chache. Wageni walimpiga picha. Tukirudi kwenye gari nilimuuliza amejuaje.

"Si uliniachia simu yako?" akasema. "Hali ya hewa imeandikwa humo."

Moshi wa watu wengine hakuuvumilia. Nilimwona kwenye stendi ya Nyabugogo akimnyang'anya motari, dereva wa pikipiki ya abiria, sigara iliyokuwa mdomoni, kwa kuwa tu alikuwa ameegesha pikipiki kando ya majani makavu. Motari alikuwa mtu wa mabega, lakini aliduwaa, akasema, "Samahani, mzee." Na yeye mwenyewe alivuta. Mbili kwa siku, nyuma ya choo cha ofisi, akizizima kwenye kopo la maziwa lililojaa maji, kisha akitumbukiza kidole humo kuhakikisha.

Kilichomtesa zaidi ni akina mama wa kuni. Sheria ilisema mtu asiingie msituni bila kibali, na ilikuwa kazi yake kuwatoa. Lakini walichokuja kuokota ni zile zile kuni za chini ambazo sisi tulitafuta watu wa kuziondoa na hatukuwapata. Aliwafukuza asubuhi mbele ya walinzi, na jioni alipita njia nyingine ili asiwaone wakirudi. Aliniomba nitafute namna ya kuuambia mfumo kwamba kwenye Kitalu cha Nne wanaingia wanawake arobaini kwa wiki, kila mmoja na mzigo kichwani. Nilimwandikia mtaalamu. Alijibu kwa adabu kwamba mfumo hauna nafasi ya shughuli zisizoruhusiwa.

"Basi imeona msitu ambao haupo," alisema Bwana Misitu, na hakulirudia tena.

Sasa nifike kwenye Kitalu cha Saba, maana bila hicho ningekuwa namkumbuka kwa kucheka tu.

Kilikuwa mteremko mkali. Mwaka uliotangulia miti yake ilikatwa na mkandarasi aliyebeba magogo na kuacha matawi yote pale pale, marundo hadi kiunoni, na kiangazi kile yalikuwa yamekauka mpaka ukiyagusa yanapukutika. Chini yake kulikuwa na mashamba ya bondeni ambayo wenyewe huchoma mabua baada ya kuvuna. Juu yake, kwenye mgongo wa kilima, kulikuwa na nyumba. Moto hupanda mlima upesi kuliko mtu. Hilo hata mimi wa viatu vyeusi nilikuwa nimeshalijua.

Nyumba ya kwanza kutoka msituni ilikuwa ya mjane mmoja aliyefuga nyuki. Tulimwita mama wa mizinga. Mizinga yake aliitundika kwenye miti ya mpakani, na yeye na Bwana Misitu walikuwa na ugomvi wa miaka juu ya moshi anaoutumia kurina asali. Mwishowe alimtengenezea kopo lenye kifuniko na matundu madogo, ili kaa lisianguke. Mama wa mizinga alilichukua, akalitumia, na bado akamwambia kila alipopita kwamba nyuki hawalipendi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti inayosikika kilima cha pili. Bwana Misitu akimaliza kupima alipita kwake kila mara, anapewa maji kwenye kikombe cha bati, wanabishana, anaondoka na asali ambayo hakuila kwa sababu hakupenda vitu vitamu.

Mfumo ulikipaka Kitalu cha Saba nyekundu tangu mwezi wa sita. Tuliandika ripoti. Kitalu kilikuwa mpakani mwa wilaya mbili. Ofisi ya upande huu ilijibu kwamba kiko upande ule, na ofisi ya upande ule ikaomba iletewe ramani, tukaipeleka, wakaomba barua. Umuganda wa mwezi ule, ile Jumamosi ya kazi za pamoja, ulikuwa umeshapangiwa kuzibua mitaro ya barabara. Gitifu, mtendaji wa eneo lile, alitupokea vizuri, akatupa soda, akasema anaelewa kabisa, na kwamba mitaro nayo ikiziba nyumba zitasombwa mvua zikija. Hakuwa mtu mbaya. Katika jambo hili lote sijampata mtu mbaya, na nimemtafuta.

Tulichopata mwishowe ni wanawake sita kwa siku mbili.

Ilikuwa Alhamisi. Bwana Misitu alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, na mkuu naye alikuwepo, ameegemea mlango.

"Iulize kwa watu ishirini kwanza," alisema Bwana Misitu. "Siku nne."

Niliuliza. Mfumo ukasema Kitalu cha Saba, ukingo wa juu, kati ya msitu na nyumba.

"Haya. Sasa iulize kwa watu sita. Siku mbili."

Nikabadilisha namba. Ramani ilifikiri kidogo, kisha mshale ukahama. Kitalu cha Tatu.

Nakumbuka aliinama mpaka nikasikia pumzi yake sikioni. Kitalu cha Tatu kilikuwa tambarare, kidogo, rangi yake manjano, na kando yake kulikuwa na kituo cha afya chenye wodi ya wazazi. Aliniomba niuondoe mteremko. Niliuondoa, ikarudi Saba. Nikaurudisha mteremko, ikawa Tatu. Nikamweleza nilivyoelewa mimi: watu sita kwa siku mbili hawawezi kumaliza ukingo wa Saba, na ukingo uliosafishwa nusu kwenye mteremko kama ule hausimamishi kitu. Tatu wanaweza kuimaliza. Mfumo unaangalia pale ambapo kazi itakayofanyika italeta nafuu kubwa zaidi.

"Kwa hiyo Saba inasema tuiache."

"Haisemi tuiache, mzee. Inasema tuanze Tatu."

"Halafu baada ya Tatu kuna watu wengine?"

Mkuu alisema taratibu, "Bwana Misitu, ndiyo maana tunao mfumo. Tukienda kwa moyo tutapoteza vyote viwili. Lakini weye ndiye mwenye msitu. Ukisema Saba, nitasaini Saba."

Alikaa kwenye kiti cha wageni. Alitoa daftari, akafungua ukurasa wa Saba, akausoma, akafungua wa Tatu. Alikuwa amezipima kuni zile mwenyewe, kwa magoti yake, hakuna mtu duniani aliyejua kama yeye zilikuwa na uzito gani. Nadhani kama angekuwa bado anauchukia mfumo, angesema Saba bila kufikiri. Lakini alikuwa ameshauamini, na mimi ndiye niliyemfundisha.

"Tatu," alisema.

Wanawake sita walifanya kazi Ijumaa na Jumamosi. Walifanya vizuri mno. Mkanda uliozunguka kituo cha afya ulifagiliwa ukabaki udongo mtupu.

Siku tisa baadaye, saa saba mchana, simu yangu ililia.

"Saba," alisema Bwana Misitu. "Inatoka bondeni. Inapanda."

Nikageuza macho kwenye ramani. Kitalu cha Saba kilikuwa chekundu kama kilivyokuwa jana yake na wiki ile yote. Mkono wangu ulishika kipanya, ukakizungusha, na hapakuwa na mahali pa kubonyeza. Mfumo ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya kabla. Nikatoka mbio, nikachukua pikipiki.

Gari la zimamoto lilikwama kwenye kona ya pili. Njia ilikuwa nyembamba, na waliokuja nalo walipanda kwa miguu wakiburuta mpira usiofika. Watu walipiga moto kwa matawi mabichi, wengine walipokezana madumu ya maji. Moto haukuwa na sauti niliyoitarajia. Ulipasuka-pasuka tu, haraka haraka, ukienda kutoka rundo hadi rundo. Bwana Misitu nilimkuta kwenye ukingo ule wa juu, shati limetoboka kwa cheche, anafyeka majani kwa panga peke yake mahali ambapo watu ishirini wangehitaji siku nne.

Mama wa mizinga alikuwa ameshatoka salama. Majirani wote wamesema hivyo. Alikuwa barabarani na wenzake alipokumbuka ndama aliyemfunga chini kidogo, kwenye majani ya mpakani. Alishuka kumfungua. Wanaume wawili walimfuata wakampandisha wamemshika huku na huku, ameshaungua, na alikuwa akitembea, akisema, akiuliza nani amemwona ndama. Bwana Misitu aliingia naye kwenye gari la wagonjwa. Alikaa naye hospitali siku zote tatu, pamoja na binti wa mama huyo, mpaka mama alipofariki.

Ndama aliikata kamba mwenyewe. Alikutwa jioni ile ile akila majani kando ya lami.

Ziliungua nyumba mbili na mizinga yote. Upepo ulitulia saa kumi na moja, moto ukafia kwenye ukingo wa shamba la mihogo. Hatukuuzima sisi.

Kwenye kikao cha mwisho wa kiangazi, mkuu alionyesha ramani kwa wageni na kusema kwamba eneo lililosafishwa kufuatana na ushauri wa mfumo lilikuwa salama kabisa. Ilikuwa kweli. Bwana Misitu alisimama nyuma ya ukumbi.

"Kitalu cha Tatu hakikuungua kwa sababu moto haukwenda huko," alisema.

"Ni sawa," mkuu akajibu, na hakuonyesha hasira. "Lakini ungekwenda je? Wakati wodi imejaa wazazi? Niambie, kwa watu sita ungefanya nini tofauti?"

Tulimngoja. Alikaa. Baadaye nilimkuta nyuma ya choo na kopo lake la maji, bila sigara.

"Nimeihesabu tena," aliniambia. "Mara nyingi. Haikukosea, dada. Ingekosea ningejua la kufanya."

Alirudi Kitalu cha Saba kupima. Hiyo nayo ilikuwa kazi yake. Jumatatu alinisomea namba za ukurasa ule, zote karibu na sifuri, kwa kuwa hakukuwa na kitu kilichobaki chini isipokuwa majivu. Nikaingiza. Ramani ikajichora. Kitalu cha Saba kikawa kijani, kijani safi kuliko vyote. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Yeye alikitazama muda mrefu.

"Sasa iko salama," alisema.

Alistaafu mwaka uliofuata. Tulimnunulia soda na keki, mkuu akasoma hotuba, na yeye akasema ahsante tu.

Sikumwona tena mpaka mwaka huu, mwezi wa sita. Mkuu amehamishwa, na karatasi za kupeleka wasafishaji sasa nazisaini mimi. Tuna kitalu kingine, cha Kumi na Mbili, mteremko, nyumba kumi na moja mgongoni mwa kilima, na tulipata watu wanane. Mfumo ni toleo jipya, unajibu haraka zaidi. Ulinipeleka kitalu kingine. Niliukagua siku mbili, nikaubishia kwa kila namba niliyoijua, kisha nikasaini. Nilipokwisha kusaini nikapanda pikipiki hadi Biryogo, nikauliza-uliza kwenye vichochoro mpaka nikamkuta kwenye mgahawa wa chai karibu na msikiti, amekaa na mafundi cherehani, amepungua sana, koti limekuwa kubwa.

"Dada wa redio," alisema.

Nilimsalimu, nikaagiza chai, nikamweleza. Alinisikiliza akiutazama mkono wangu unaochora mteremko mezani kwa kidole.

"Watu wangapi?"

"Wanane."

"Na umesaini?"

"Nimesaini, mzee. Nimekuja... sijui nimekuja kwa nini. Labda uniambie nimekosea."

"Hukukosea," alisema. Akangoja mtu aliyeleta chai aondoke. "Mimi Ijumaa ile, siku ya kuanza Kitalu cha Tatu, nilipita kwake. Mama wa mizinga. Nilikuwa na wanawake sita nyuma yangu, na mapanga. Akaniuliza, hao unawapeleka wapi? Nikamwambia kazini. Nikanywa maji yake nikaenda. Alidhani siku inayofuata ni zamu yake. Mpaka hospitali alidhani hivyo. Aliniambia, mlichelewa kidogo tu."

Nilisogeza kikombe changu kando.

"Ningemwambia hatuji mwaka huu, angekata mwenyewe. Au angemfunga ndama upande wa barabara. Au asingefanya kitu, simjui mtu. Lakini sikumwambia." Akanitazama. "Wale wa nyumba kumi na moja umewaambia?"

"Ripoti imekwenda kwa gitifu na kwa..."

"Wale, dada."

"Hapana."

Aliinuka kwa kushika meza, akaomba fimbo yake kwa fundi aliyekaa karibu, akatoka nje kutafuta pikipiki mbili. Nilimwambia haonekani mzima, tungeweza kwenda siku nyingine. Alikuwa ameshaisimamisha ya kwanza.

Tulifika mgongoni mwa kilima saa tisa. Alipumzika mara tatu kutoka barabarani hadi nyumba ya kwanza. Mama mmoja alikuwa uani anaanika maharage kwenye mkeka, mtoto mgongoni. Alipoona kitambulisho changu shingoni uso wake ukachangamka, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Muraho neza!" alitukaribisha, kisha akaniona nikisitasita na Kinyarwanda changu akahamia Kiswahili. "Nyinyi ni watu wa msitu? Tumewangoja. Ile majani imekuwa mingi sana. Mtaanza kusafisha lini?"

Bwana Misitu alinitazama. Alikuwa anahema, na niliona kwamba hatanisaidia.

"Hapana, mama," nilisema. "Tumekuja kukuambia kwamba mwaka huu hatutakuja."

Alicheka kidogo, kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Kisha akamgeukia mzee, naye akamrudishia maneno yale yale kwa Kinyarwanda, polepole, na akaongeza nilivyopaswa kuongeza mimi: kwamba msitu uko katika hali mbaya, kwamba ofisi inajua, kwamba watu wachache waliopo wamepelekwa kwingine. Yule mama aliutazama mteremko. Akamtazama mtoto wa mgongoni juu ya bega, akamrekebisha. Halafu akaniuliza, bila ukali wowote, "Sasa sisi tufanye nini?"

Nilimwambia akiona moshi chini asishuke, achukue watoto aende upande wa barabara, asirudie kitu. Nilimwambia majani ya karibu na ukuta ayaondoe. Nilisikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa machache. Akaitikia kwa kichwa kila neno, kwa heshima, kisha akaita mama mkwe wake aliyekuwa ndani atoke naye asikie, akaniomba niseme tena tangu mwanzo.

Nikasema tena. Bibi kizee alisikiliza ameshika fremu ya mlango. Nilipomaliza alirudi ndani.

Bwana Misitu alikuwa ameshaanza kutembea, akiegemea ukuta wa udongo kwa mkono mmoja. Zilikuwa zimebaki nyumba kumi.